Uwanda Mmoja, Nyanda Nyingi

Nilizaliwa Mgeta, ambako shamba husimama wima
kama ngazi iliyoegemezwa ukutani,
na kiazi kikikuponyoka
utakiokota kwa jirani wa chini.
Kwa hiyo mlima sikuusoma.
Niliupanda kila siku nikienda kuchota moto.

Sasa nafundisha jiografia Ihumwa,
darasa la sita, watoto sabini na mmoja.
Nikachora mlima: pembetatu.
Nikachora nyanda za juu: mgongo wa ng'ombe,
na mwingine, na mwingine, zizi zima.
Nikachora uwanda wa juu: mstari mmoja mnyoofu,
kama mtu aliyechoka kuchora.

Ndahani Chedego akanyoosha kidole.
"Mwalimu, uwanda ni umoja, nyanda ni wingi.
Kama ufa na nyufa. Kama uso na nyuso.
Sasa tofauti iko wapi?"

Kiswahili kilikuwa kimenitega
kabla ya kengele.
Nikakimbilia kitabuni: mlima una kilele,
huinuka ukabana hadi kwenye ncha;
nyanda za juu ni nchi nzima iliyoinuka ikakunjamana,
mabonde humo humo, ukungu humo humo;
na uwanda wa juu umeinuka vilevile,
ila juu yake pamesawazika.
"Kama hapa," nikasema. "Hapo mlipokaa mko juu.
Mita elfu moja na ushei kutoka baharini."

Wakacheka, wote sabini na mmoja.
Dirishani palikuwa na reli, miiba, punda wawili wa maji,
na nchi iliyolala chali mpaka jicho lichoke.
"Juu ya nini, mwalimu?"

Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuja kwa treni ya usiku.
Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe,
injini ikikoroma kama mwenye pumu,
nami nimelala, kichwa juu ya kapu la viazi.
Ndipo tulipopanda.
Asubuhi nikaona tambarare,
nikadhani tumeshuka.

Mama yake Ndahani ana mwana mkubwa Mufindi, anachuma chai.
Hutuma sauti kwenye simu:
"Mama, huku juu baridi, vidole havikunjiki."
Naye hujibu, mdomo karibu na kioo:
"Sie huku chini twangoja mvua."
Chini!
Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda chake, nikataka kumsahihisha.
Maharage yalikuwa motoni tangu saa nane,
yanatokota, yanatokota, hayaivi,
kwa kuwa maji ya huku huchemka upesi
kabla hayajapata ukali wake.
Ushahidi wangu wote ulikuwa sufuriani.
Lakini ndoo mlangoni ilikuwa tupu,
na aliyeishiwa maji haambiwi kwamba yuko juu.
Nikanyamaza. Nikaongeza kuni.

Jumamosi Ndahani akaja kunichukua.
Bibi yake bado anaishi kwenye tembe,
paa la udongo, bapa, uwele umeanikwa juu yake.
Tukapanda kwa gogo lenye vipandio.
"Mwalimu, msonge ndio mlima.
Mvua ikigusa ile ncha, inakimbia pande zote.
Hili ndilo uwanda wa juu. Tunatembea, tunaanika,
kuku anataga, na tunasahau kwamba ni paa."

"Na nyanda za juu?"

Akafikiri muda mrefu, akibandua punje kwenye kisigino.
"Hizo ni usiku wa msiba. Watu wamejaa sakafuni,
blanketi moja refu limewafunika wote.
Hapa magoti, hapa mabega, hapa tumbo la mjomba.
Huwezi kusema yupi ni yupi.
Na wote wanasikia baridi."

Nilisogea ukingoni kutazama reli.
Akanivuta shati.
"Taratibu. Pako bapa, lakini ukianguka unavunjika."

"Umejuaje?"

Akanyoosha mkono wa kushoto.
Kiwiko hakikunyooka.