Daftari la Eila Rautio

Alinunua timu Jumanne,
siku ambayo mkahawa huwa hauna watu.
Nilikuwa kwenye sinki, povu hadi viwikoni,
akaingia na theluji mabegani, akasema,
"Hamimu, nimenunua vijana ishirini na watatu
na basi bovu."
Kisha akaonja supu, akaongeza chumvi.

Miaka thelathini na mmoja alipika chapati za Kifini
hapa Thunder Bay, nyuma ya reli,
nyembamba kama leso iliyofuliwa sana,
kwa wapakia ngano, wauguzi wa zamu ya usiku,
madereva wa malori waliolala wakitafuna.
Njaa ya mtu aliijua kwa mlio wa viatu mlangoni.
Nani alipe leo, nani mwisho wa mwezi,
nani asiulizwe kabisa:
yote yamo daftarini, kwa penseli,
maana wino, alisema, hauna huruma.

Mchezo wenyewe hakuujua.
Magongo, barafu, kidude cheusi kama kisigino cha kiatu
kinachokwenda kasi kuliko macho ya miaka sitini na mitatu.
Usiku wa kwanza aliwapa wachezaji mgongo,
akahesabu viti.
"Meza tupu mia saba," akaninong'oneza,
kama mtu aliyeona panya jikoni.
Nami mtu wa Ujiji ningemwambia nini?
Ziwa letu halijamruhusu mtu asimame juu yake,
sembuse kumpiga mwenzake kikumbo hapo
na kushangiliwa.

Akaanza na matumbo.
Uji wa shayiri, viazi, samaki wa kuoka,
saa nne kabla ya mechi, bila mjadala na kocha.
Kipa, Lyle Wabasse, hakula siku za mechi,
alikaa akiitazama sahani kana kwamba inamdai.
Eila akavuta kiti mbele yake,
akamenya yai taratibu,
akalikata, akaliacha pale.
Hakusema neno.
Usiku ule Lyle alizuia mikwaju arobaini na mmoja.
Wa arobaini na mbili ukapita.
Daftarini aliandika: *Wabasse. Yai. Nusu.*

Kwetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari lilikuwepo.
Habari tulizipata, kila Ijumaa, kwa bahasha:
bima, injini ya basi, paa la uwanja lililovuja
juu ya viti vya wenye tiketi za msimu.
Mali ikapotea hivyo hivyo, tukiitazama.

Mwezi wa tatu akauza mkahawa.
Mimi ndiye niliyebeba masufuria.
Mnunuzi akaleta viti virefu visivyo na mgongo
na kahawa yenye picha ya jani juu yake.
Eila alibaki na kikaango kimoja,
akakiweka kwenye kiti cha mbele cha gari,
akakifunga mkanda.

Timu ilipofungwa mara sita mfululizo, walimzomea.
Nilikuwa kando yake langoni.
Nilizitambua sauti: yule, chakula cha jioni cha miezi miwili;
yule, keki ya harusi ya binti yake;
yule mwenye kofia nyekundu,
msimu mzima wa baridi aliofukuzwa kazi ghalani.
Daftari lilikuwa kwenye mkoba wake.
Nikamwambia, "Mama, wasomee."
Akanitazama kama nimetemea chungu mate.
"Walikuwa na njaa," akasema. "Na sasa pia."
Akaenda kuwauzia supu kwenye kibanda cha mapumziko,
kofia nyekundu akamjazia bakuli hadi ukingoni.

Sijui kama tutafika msimu ujao.
Siku hizi naendesha ile mashine ya kulainisha barafu,
nazunguka, nazunguka, maji yananing'inia kama pazia nyuma yangu,
na yeye yuko nyuma ya kioo, glavu za jikoni mikononi,
ananifuata kwa macho kama zamani
nilipokuwa nikifuta meza kabla mteja hajaketi.
Anagonga kioo. Ananyoosha kidole.
Pale, Hamimu. Pembeni.
Umeruka.