Kituo

Duka la Lorne Tveit, barabara ya Sprague, Spokane,
linanuka mafuta ya bunduki na kahawa iliyoungua.
Theluji ya Januari imeingia na viatu vyetu,
imekuwa tope mlangoni.
Mbele yangu ni Corinne, muuguzi wa zamu ya usiku.
Ameivua pete, ameiweka juu ya kioo
kando ya bastola nne zilizolazwa kwenye taulo
kama watoto waliokwisha kuogeshwa.

"Hii iliundwa kubeba kumi na saba," Lorne anasema.
"Siku hizi naiuza na kumi. Mpini ni uleule."
Corinne anaipima mkononi, anacheka kwa pua,
anasema jambo juu ya basi la shule na mtoto mmoja.
Mimi nasikia sufuria ya harusi
na wali wa mtu mmoja.
Anachagua ile nyembamba, inayolala kama pochi.

Mzee aliye nyuma yangu, kofia imemfunika masikio,
anakwenda kinyume: kama ni kumi, basi ziwe kumi nene.
Anaomba ile yenye risasi pana kama ncha ya kidole gumba.
Olympia waliandika tarakimu moja,
na huku tarakimu inapita mikononi mwa watu
kama utepe wa fundi cherehani.

Dakika ishirini na tano mashariki, Idaho,
kumi na saba zinauzwa na hakuna anayeinua nyusi.
Lorne mwenyewe anazo magazini mbili za marehemu kaka yake.
Kuwa nazo si kosa. Kosa ni kuziuza,
kosa ni kuvuka mpaka na kurudi na mpya.
Ziko kabatini, hazitumiki, hazitupiki.

"Na wewe, Nabintu?"
Hulitamka jina langu kama mtu anayetafuna barafu.
"Unataka ngapi?"

Swali la ngapi nalijua.
Kavumu, nina miaka minane, uvunguni mwa kitanda cha shangazi.
Nilihesabu kwa Kifaransa,
kwa sababu mwalimu alisema hesabu ni ya Kifaransa.
Ishirini na sita. Ishirini na saba.
Kimya.
Mtu anabadilisha magazini.
Ndani ya kimya kile shangazi alinivuta mguu,
tukatokea dirisha la jikoni, mihogo ikatufunika.
Karibu miaka thelathini sasa
naishi ndani ya kimya kile.

Lakini Novemba, saa tisa usiku, kituo cha mafuta,
kijana mwenye barakoa ya kijani,
mkono wake ukitetemeka kuliko wangu.
Alichukua dola sitini na mbili na pakiti ya sigara.
Alipoondoka nilikiona kimya kingine:
mimi napapasa magazini ya pili, vidole ganzi,
na mtu bado anakuja.

Kwa Kiswahili tunakiita kituo.
Pale msomaji anapovuta pumzi.
Mstari unaofunga ubeti.
Basi linaposimama. Ninapouza petroli
na soseji zinazozunguka tangu asubuhi.
Wanaobishana wanabishana juu ya urefu wake:
sekunde mbili,
tatu kwa mwenye baridi vidoleni.
Upande mmoja wanasema humo ndimo mtoto anamokimbilia.
Upande wa pili wanasema humo ndimo mama anamofia.
Wote wanasema kweli, na mimi
nimelala humo, nimesimama humo.

"Kumi zinatosha," nikasema.
Kisha nikasema, "Sijui."
Lorne hakucheka. Alinisukumia fomu na kalamu,
akaenda kumwaga ile kahawa.

Kusubiri ni siku kumi za kazi.
Leo ni ya saba.
Kengele ya mlango inalia, baridi inaingia kwanza,
halafu mzee mmoja anamwaga sarafu kaunta,
anazihesabu moja moja, bei ya kahawa ndogo.
Anafika ya kumi, anasita,
anavua glavu.

Namsubiri.