Mapigo Manne ya Kimya

Chumba changu cha kurekodia kipo Wete,
nyuma ya banda la kuku la mama,
na trei za mayai nilizobandika ukutani
ni za kuku hao hao wanaoniharibia beti.
Jogoo hajali nani yuko kwenye maikrofoni.

Asaa alikuja Jumanne, baada ya laasiri,
kandambili imekatika, kaishika mkononi,
daftari la skuli kwapani.
Akasema: "Shaame, leo sina mapenzi."
Akaghani bila mdundo, macho kwenye feni:

    Mti kaupanda babu,
    tawi nimepanda miye,
    mizani haina tabu,
    tabu kwa aishikiye.

Mkono wangu ukaganda juu ya kipanya.
Mstari wa nne, nikamwambia. Huo utoe.

Sababu nilikuwa nazo.
Kwamba nilikuwa mdogo, bado nalala na mama,
mtaa huu ulipogawanyika hata kwa maiti:
huyu hamziki yule, duka hili si letu,
chumvi tukaifuate mbali na ipo hapo mlangoni.
Kwamba mjomba Khatib alivuka usiku kwenda Shimoni
kwa neno alilolisema barazani, tena la utani,
na viatu vyake vya Idi mama anavipangusa mpaka leo.
Kwamba yule Mzee wa Konde
(si mzee, ndilo jina lake la jukwaani)
alianza hivi hivi, kwa uchungu wa kweli;
msimu uliofuata yuko juu ya gari la kampeni,
fulana mpya, laki mbili mfukoni,
analitafutia vina jina la mtu.
Siasa, nikasema, humla rapa kwa meno
au humla kwa mkate.
Kaandike la mapenzi.

Akakaa juu ya ndoo, akaandika.
Msichana anaitwa Raya. Anampenda.
Wataonana wapi? Foleni ya maji, saa nane usiku,
maana mchana bomba halitoi ila upepo.
Mahari itatoka wapi? Karafuu.
Karafuu inapimwa wapi?
Akafunga daftari.
"Unaona? Nimezunguka, nimerudi kwenye mizani.
Mie siifuati siasa, Shaame. Inakaa kwetu.
Imelalia kitanda ambacho ningelala na mke."

Mama akagonga ukuta:
Tukuza imebaki uniti mbili, malizeni!
Tukarekodi mara moja tu, jogoo na yeye ndani.

Usiku, peke yangu, nikaukata mstari wa nne.
Niliukata kwa woga; hekima sijisingizii.
Lakini nilikuwa na usingizi, au mkono ulinisaliti:
pumzi aliyoivuta kabla ya mstari niliiacha.
Anavuta hewa, kifua kinajaa,
halafu ngoma inapiga mara nne
na hakuna mtu.

Wiki ya pili nipo kwa kinyozi, Bopwe, povu shavuni.
Redio ikafika pale. Pumzi.
Na kinyozi, wembe upo shingoni kwangu, akajaza:
*tabu ni atupimiye.*
Wasichana wa Jadida, ndoo kichwani, wana lao:
*bomba nani afungiye.*
Watoto wa skuli wametia jina la mwalimu wa hesabu,
halitoshi kwenye mizani ya shairi, wanalisukuma tu.
Mama hajazi neno.
Anasuka ukili; ikifika pumzi mkono unasimama,
ngoma nne,
kisha anaendelea.

Asaa hajanisamehe.
Anasema nimempa kila mtu wimbo wake
isipokuwa yeye.
Sina la kumjibu. Sijui mpaka leo
kama siku ile nilipunguza au niliongeza.

Jana, bandarini, zamu ya usiku,
nilimkuta askari kakaa juu ya gunia,
simu kaibana sikioni, sauti kaipunguza.
Pumzi ikapita.
Midomo yake ikacheza, mara nne.
Nilikuwa mbali kidogo. Sikusikia alichosema.