Milimita

Nyanjige amerudi likizo ya wiki mbili,
na kabla hata ya chai
akapanda nyuma ya nyumba kutazama ufa.

Hapa Mabatini kila nyumba ina jiwe lake.
Letu limekaa juu ya choo, pana kuliko nyumba yenyewe,
limeegemea jingine kwa sehemu isiyozidi godoro.
Marehemu baba alipiga mstari wa rangi penye ufa
kila mvua za masika zilipokatika:
bluu ya mlango, nyekundu ya mtumbwi wa jirani,
mwaka wa ukata, mkaa.
Hakusema litaanguka. Hakusema halitaanguka.
Alipima.

"Ndiyo kazi yangu hiyo," anasema dada.
Huko aliko kuna tanuri la nyuklia lililoyeyuka zamani,
fito za urani zikavurugika na chuma na zege,
ukoko chini ya sufuria.
Siku moja utakwanguliwa.
Vipande vikilalia ubavu mbaya, je, vitaamka?
Basi wanajenga mfano wake mdogo ndani ya tangi,
fito hapa, chuma pale, vijiti vya zege katikati,
wanafungulia maji. Milimita. Wanasimama.
Wanahesabu. Milimita.

"Maji si huzima moto?"
Akacheka. Moto huo si wa kuni.
Chembe zake hukimbia mno,
zinapita mlangoni bila kubisha hodi.
Maji ndiyo yanayozituliza,
na zikishatulia huingia, hupasua,
kila mpasuko ukazaa wapasuaji wengine.
Yaleyale yanayopoza.

Siku nzima nikalitazama ziwa kwa jicho la pembeni.

Mama hakuinua uso kwenye ungo wa dagaa.
"Mnajuaje pa kukoma?"
Kuna mstari kwenye karatasi, unashuka kuelekea sifuri;
ukiurefusha kwa rula unakuonyesha mwisho
kabla hujaufikia. Tunakoma kabla.
"Kabla kiasi gani?"
Nyanjige akachukua dagaa, akamtoa mchanga,
akamrudisha.

Jioni alitafuta rangi, hatukuwa nayo.
Akapiga mstari wa mwaka huu kwa rangi ya kucha, ya zambarau.
Kutoka mstari wa mwisho wa baba:
punje ya mchele, akasema. Labda punje na nusu.

Mvua ilianza saa nane usiku.
Sote watatu tulikuwa macho,
na hakuna aliyemwita mwenzake.