Tanuri la Wete

Ufunguo nimempa Ruzuna, na daftari la madeni.
"Huyu Bakari Faki si keshakufa?"
Keshakufa. Boflo sita.
"Nimfute?"
Nikajifanya natafuta miwani.

Wenzangu wa serikalini walipewa kiinua mgongo;
mimi nimebaki na mgongo.
Unga anaupima kwa mizani siku hizi.
Kiganja changu, kilichojua ratili bila kuambiwa,
sasa kinabeba kikombe cha kahawa
kama kitu cha kuazima.

Saa nane usiku mwili unaamka wenyewe.
Najifunga msuri, nakaa barazani,
nasubiri harufu ipande kichochoro.
Leo imechelewa.
Nimevaa kandambili, nimevua,
nimevaa.

Ndiyo hiyo.
Zimeungua kidogo, upande wa chini.
Sitasema.