Juni Thelathini

Mfumo unafungwa saa sita usiku.
Nimebakiza mmoja: Nkwabi.

Wengine nimewamaliza tangu alasiri
kama mtu anayechambua mchele:
huyu makala mbili, huyu semina Morogoro,
huyu hajaonekana idarani tangu Pasaka
lakini ana vyeti saba, kila kimoja na muhuri wake.
Nne. Nne. Na yule wa vyeti, tano,
maana mfumo unasoma vyeti, hausomi viti vitupu.
Tumbili wa dirishani alikuja saa kumi,
akachungulia, akaona hakuna ndizi, akaenda zake.
Hiyo ndiyo tathmini fupi niliyoiona leo hapa Mlimani.

Nkwabi sijui nimwanzie wapi.
Lengo la kwanza: kuchapisha makala tatu.
Matokeo: sifuri.
Kaandika mwenyewe, kwa herufi,
asije mtu akadhani ni kosa la uchapaji.
Lengo la pili: kuleta fedha za utafiti.
Matokeo: "Nilimrudishia mhasibu elfu arobaini iliyobaki kwenye chai."
Sijui kama ananitania.

Penseli yake lakini naijua.
Mwaka wa tasnifu yangu alinirudishia kurasa mia mbili
pembeni zimejaa sisimizi wa kijivu:
*Hapa unasema kweli?*
*Hapa umechoka. Kalale kwanza.*
Mwaka huu wamepita kwake wanafunzi kumi na mmoja,
sita si wake;
wasimamizi wao walikuwa Morogoro.
Nimetafuta kisanduku cha sisimizi. Hakuna.

"Mpe nne, mama," anasema Mwamvita, katibu muhtasi,
funguo mkononi, anangoja afunge.
"Tano watauliza wao. Tatu atauliza mwenyewe."
Miaka kumi na tisa anajua nani anadai nini,
nani anaumwa, nani anasema tu anaumwa,
na nenosiri langu analijua kuliko mimi.
Mchana nimempa tatu.
Kama mwaka jana. Sikuinua hata kichwa.

Na mimi Amidi kashanipa nne,
hajawahi kukanyaga darasani kwangu.
"Mtendaji mzuri," kaandika. Nilifurahi, naona aibu kusema,
nilifurahi siku nzima.

Saa tano na dakika arobaini.
Nabonyeza tano.
*Ambatisha ushahidi*, mfumo unasema.

Navuta tasnifu yangu chini ya rundo la majalada,
napuliza vumbi, ukurasa wa mia na kumi na nne,
pale alipokata aya nzima nilizoipenda,
akaandika pembeni neno moja: *Anza.*
Naupiga picha kwa simu. Naupandisha.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
feni juu imesimama, Mwamvita kaacha kutikisa funguo.

*Faili ni kubwa mno.*

"Lete hapa," anasema, anavuta kiti.
"Nitalipunguza."