Uwanja wa Kumi na Nne

Brisbane nilimtazama kwenye televisheni,
nikikunja shuka za wateja.
Hobart nilikwenda, nikalala kwa wifi yangu Voula,
nikamwona Keely Tullock, wa mia moja themanini na tatu duniani,
akitolewa kabla chai yangu haijapoa.

Leo Melbourne, mchujo. Watu kumi na wawili
na shakwe asiyejua kunyamaza.
Lami inanata viatuni. Penseli imelowa jasho.
Sare. Faida. Sare. Faida. Sare.
Asiyekubali kushindwa si mshindani, husemwa,
ila waliosema hawakukaa hapa saa tatu bila kivuli.

Seti ya tatu. Mpira unagusa ukingo wa wavu,
unasita,
unaangukia kwake.

Makofi machache; wengine wameshaifuata bia.
Keely anabeba mabegi yake mwenyewe,
anaona daftari magotini pangu.
"Nimetoa nje mingapi?"
"Arobaini na mmoja."
Anacheka kidogo, kama mtu aliyesomewa deni analolijua,
anaondoka.

Ule wa mwisho sikumhesabia.
Kwenye safu ya makosa nimeandika:
wavu.